Naomba ushauri: faili la mtumishi anayekaribia kustaafu lina mapengo

Habari zenu wakuu. Nimeripoti mwezi wa tatu sasa kama Afisa Utumishi daraja la II katika halmashauri moja kongwe ya mji, bado nipo kwenye majaribio. Masjala yetu imebeba historia: mna mafaili ya tangu enzi za mkoloni, na mengine yalihamishwa ovyo baada ya serikali za mitaa kufutwa mwaka 1972.

Nimekabidhiwa wastaafu watarajiwa. Mama mmoja, mhudumu, anatimiza miaka 60 baada ya miezi sita. Aliajiriwa 1989. Faili lake linaanzia folio (karatasi yenye namba) ya 9, zilizotangulia hazimo. Barua ya kuthibitishwa kazini haimo kabisa. Ya ajira anayo nakala, imefifia lakini tarehe inasomeka. Mama huyu ametumikia mji huu maisha yake yote, sitaki aje kuhangaika na mafao kwa sababu ya karatasi tuliyopoteza sisi.

Nimepekua masjala na karani mzee, hatukupata kitu. Michango yake tangu LAPF (mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa), kabla ya mifuko kuunganishwa kuwa PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma) mwaka 2018, inaonekana. Bosi wangu kasema tu, "Andika upya."

Maswali yangu: je, Mkurugenzi anaweza kutoa barua ya uthibitisho sasa kwa tarehe ya nyuma, au lazima ipite kwanza kwenye bodi ya ajira? Na kwa waliowahi kushughulikia hili, PSSSF walikubali nyaraka gani mbadala?

Natanguliza shukrani.