Mjadala: Hifadhidata iachwe ijiandikie faili lake la vigezo?

Mleta mada:
Wakuu, hili limetugawa kazini, nalileta tulichambue. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ikiwaka inasoma postgresql.conf, halafu postgresql.auto.conf. La kwanza unaliandika wewe. La pili linaandikwa na seva yenyewe kila mtu anapotoa amri ya ALTER SYSTEM, iliyokuja na toleo la 9.4 mwaka 2014. Kigezo kikiwa kwenye mafaili yote mawili, la pili ndilo linalotawala.

Sasa umeweka work_mem (kumbukumbu, yaani RAM, ambayo hatua moja ya kazi inaruhusiwa kutumia) 64MB, wenzako wamepitia kwenye Git (mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya mafaili), imesambazwa seva zote. Unaiuliza seva SHOW work_mem, unajibiwa 256MB. Mtu alikuwa anahangaika na ripoti nzito, akapandisha, akaenda zake. Na work_mem si fungu moja la seva nzima: kwiri moja (ombi la data) inaweza kulichukua mara kadhaa, kila inapopanga safu au kujenga jedwali la hashi. Watumiaji wakijaa, RAM inakwisha.

Msimamo wangu ni kufunga. Toleo la 17 lina allow_alter_system, kigezo cha kuruhusu au kuzuia ALTER SYSTEM. Iwekwe off, kila badiliko lipite Git.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, hapa sikuungi mkono. ALTER SYSTEM inakagua kabla ya kuandika: ukikosea jina la kigezo inakukatalia hapo hapo. Kwa mkono, kosa hilo utalijua seva ikigoma kuwaka. Na ukitaka kujua thamani imetoka wapi, jedwali la pg_settings lina safu ya sourcefile.

Mleta mada:
Inataja faili, haimtaji mtu.

Mchangiaji wa 2:
Sisi wa Oracle, hifadhidata nyingine, tunaishi na hili tangu toleo la 9i lilipoleta spfile, faili la vigezo ambalo seva inajiandikia. Ukisema STARTUP tu, inatafutwa kwanza spfile yenye SID (jina la hifadhidata inayowashwa), kisha spfile.ora, na zikikosekana ndipo inasomwa pfile, yaani init ya maandishi ya zamani. Spfile si ya kufungua kwa vi, kihariri cha maandishi. Ukiihariri humo umeiharibu.

Kinachotuuma ni SCOPE=SPFILE, yaani kuandika badiliko kwenye spfile pekee. Kigezo kama processes hakibadiliki seva ikiwa hewani, kwa hiyo unakiandika kisubiri. Thamani mbovu inaweza kulala humo miezi, mpaka siku mtu anazima seva kwa matengenezo ya kawaida, haiwaki tena, na lawama zinamwangukia yeye! Dawa ipo: CREATE PFILE FROM SPFILE inafanya kazi hata seva ikiwa imezimwa. Unarekebisha maandishi, unawasha kwa hiyo pfile, unatengeneza spfile mpya. Kwa hiyo mimi sifungi. Nataka pfile itolewe na kuwekwa Git kila baada ya badiliko.

Mleta mada:
Hiyo inakuambia kilichotokea, haizuii kitu. Ila kwa watakaofunga: off haifuti yaliyomo kwenye auto.conf, bado inasomwa. Hamishia kwanza thamani mnazozihitaji kwenye postgresql.conf, kisha ALTER SYSTEM RESET ALL, ndipo mfunge. Wala msiihesabu kuwa ulinzi. Superuser, mtumiaji mwenye mamlaka yote, ana njia nyingine za kufikia faili.

Mchangiaji wa 1:
Sawa. Saa nane usiku kumbukumbu inakwisha, wa zamu ana psql tu (ya kuandikia hifadhidata amri), hana SSH ya kuingia kwenye seva yenyewe. Ukishamfungia ALTER SYSTEM, work_mem ataishushaje kwa wote?

Mleta mada:
Apewe SSH, na ruhusa ya faili hilo moja.

Mchangiaji wa 1:
Basi ataihariri kwa mkono usiku huo huo, na Git yako haitajua.