Tupeane uzoefu: Siku kula kiafya kulipokutokea puani

Mzee wa Mizani (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo kazini kijana mmoja kaja na chupa ya maji ya kijani, kaisimamisha mezani kama kombe la ubingwa, anatutangazia kwamba kuanzia leo chakula kigumu basi. Nikajikuta nacheka peke yangu, maana nilikumbuka zamu yangu.

Mimi ilikuwa karoti. Nilivaa miwani mapema, mtu akanidanganya karoti zinarudisha macho. Nikatafuta mashine ya kukamulia, nikawa nagonga nusu lita asubuhi, nusu lita jioni, miezi miwili mfululizo. Macho yako palepale. Ila siku moja naagana na jamaa, akaushika mkono wangu, akaugeuza, akautazama kama anasoma barua. "Mzee, ini lako liko salama kweli?" Viganja vya njano tupu, utadhani nimetoka kutwanga binzari. Kuvua viatu, nyayo nazo hivyo hivyo. Usiku ule sikulala. Niliandika mpaka nani arithi baiskeli.

Daktari alinishusha kope la chini, akaangalia weupe wa jicho, akauliza swali moja tu: "Karoti ngapi kwa siku?" Kumbe manjano ya ini hupaka hadi jicho, ya karoti huishia kwenye ngozi. Mwili unageuza ile rangi kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji, inayozidi inakaa kwenye ngozi mpaka uache. Wiki kadhaa baadaye viganja vikarudi.

Haya, leteni za kwenu. Mafundisho sitaki, nataka yaliyowakuta.

kijiko_kimoja

Baiskeli ulimwandikia nani?

Dada Mpole

Mie bitiruti. Niliingia chooni mzima, nikaona mkojo mwekundu, nikatoka napiga yowe. Naishia hapo.

Sina Haraka

@Dada Mpole hahaha, mimi nilifika mpaka mapokezi ya hospitali. Niko kwenye foleni ndo nikakumbuka nilikunywa nini jana yake. Nikageuka taratibu kama mtu aliyekosea mlango.

Ila yangu kubwa ni nyuzinyuzi. Nilisoma mtu mzima anatakiwa apate angalau gramu 25 kwa siku, nikaona nimechelewa maisha yote, nilipie deni lote wiki moja. Pumba asubuhi, maharage mchana, maharage usiku, matunda na maganda yake. Maji nakunywa yale yale glasi mbili. Siku ya tatu tumbo limekaza kama ngoma, siku ya tano nimeacha kwenda kazini kwa sababu za heshima. Aliyenisaidia ni mama mmoja mtu mzima, jirani: "Mwanangu, unaongeza kidogo kidogo, na maji yaende nayo." Ndo hilo tu.

Ngoja Waje

Naweka kambi hapa.

Mama Kitindamimba

Nimesita kuandika. Mmeanza kwa kicheko na mimi yangu si ya kucheka, ila hiyo chupa ya kijani aliyoisema Mzee wa Mizani imenigusa mahali.

Mume wangu ana kisukari, miaka mingi sasa, na anachoma insulini jioni, ile sindano ya kushusha sukari. Rafiki yake akamletea habari ya siku 21: juisi ya majani tu, chakula cha usiku hakuna, "kongosho lipumzike". Mimi nikafurahi, naomba niwe mkweli. Nilikuwa nimemsema sana kuhusu soda. Nikawa mimi ndiye ninayesaga yale majani. Hakuna aliyewaza sindano. Chakula kimeondoka, dozi imebaki ile ile.

Siku ya nne, saa tisa usiku, nikaamshwa na baridi ya shuka. Limelowa. Nikajua amejikojolea, nikaona aibu kwa niaba yake. Nawasha taa, kumbe ni jasho. Fulana unaweza kuikamua. Mwili wa baridi, macho wazi, hanioni. Nikamwita, akanijibu maneno yasiyoshikana. Nikamshika bega, akanisukuma nikagonga kabati, mtu ambaye hajawahi hata kuniinulia sauti. Halafu akaniambia, vizuri kabisa, kwa upole: "Zawadi, funga mlango, mvua inaingia."

Mimi siitwi Zawadi. Na mvua hakukuwa.

Kijana wetu mkubwa ndiye aliyeleta kile kipima sukari. Mikono inanitetemeka, nimemchoma kidole mara tatu. 1.9. Nikadhani kimeharibika. Mama mkwe akaja na kikombe cha maji ya sukari, akamtilia mdomoni, kidogo yakashuka, mengine yakampalia akaanza kukohoa na kugeuka rangi. Hapo ndipo alipolegea. Nikamlaza ubavu kwa sababu tu ndivyo nilivyokuwa nawalaza watoto wakitapika. Kijana anapiga simu ya gari la wagonjwa, mimi namwita mume wangu jina lake, naliita, naliita.

Walimwekea glukosi ya mshipani, na baada ya dakika chache akafungua macho akauliza kwa nini tumevaa nguo za kulalia mbele za watu. Sikumjibu. Nililia mpaka nesi akaniletea kiti. Hawakumruhusu siku hiyo, wakasema insulini ile bado inafanya kazi mwilini, sukari inaweza kushuka tena.

Ni miaka minne sasa. Ile mashine ya kusagia niliigawa.

Sina Haraka

Pole sana mama. Mwili umenisisimka.

kijiko_kimoja

Pole sana dada. Lakini Zawadi ni nani?

Ngoja Waje

Nimesoma yote, nimelia kidogo, halafu na mimi nimebaki na swali la @kijiko_kimoja

Mzee wa Mizani

Nyie watu mna roho gani? Mtu alikuwa anakata roho.

kijiko_kimoja

Mzee, nimesema pole kwanza. Soma vizuri.

Nesi wa Zamu

Mama Kitindamimba, kumlaza ubavu ulifanya jambo kubwa kuliko unavyojua. Ila niseme kwa wote, maana hili naliona kazini mara kwa mara: mtu aliyelegea au asiyejitambua HAWEKEWI kitu mdomoni. Si maji ya sukari, si soda. Yanaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, ita msaada. Mwenye fahamu na anayemeza vizuri ndiye unampa gramu 15 hivi za sukari, yaani vijiko vitatu vinne vya chai kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haisaidii kitu. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini ya 3.9, rudia. Ikishapanda, ale chakula.

Na kabla hujamfungisha mtu wa insulini, dozi inazungumzwa na daktari wake kwanza. Hata baadhi ya vidonge, kama glibenklamaidi, vinaweza kumshusha hivyo hivyo.

Asali Mbichi

Hapa ndo nawaambia kila siku, sukari nyeupe ni sumu. Wangempaka asali safi kwenye fizi asingefika huko. Asali ni ya asili, haina madhara kwa mgonjwa wa kisukari.

Nesi wa Zamu

Asali ni sukari. Imetoka kwa nyuki badala ya kiwandani, basi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 limeihesabu asali na juisi kundi moja na sukari ya kwenye kikombe: zote pamoja zisizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwa siku. Kwa anayekula kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 50. Na kopo moja la soda la mililita 330 lina kama gramu 35.

Asali Mbichi

Nyie wa hospitali mnataka watu waendelee kununua dawa.

Nesi wa Zamu

Kaka, mimi nanufaika nini na dawa zako?

Asali Mbichi

Mimi ni dada.

Dada Mpole

Hahahaha uzi umenoga

Chai ya Tatu

Niwatoe huko. Mimi nilikuwa mla majani haswa, mchicha na maharage kila siku, najiona mfano wa kuigwa. Lakini ngazi za ghorofa ya pili zinanishinda, nywele zinabaki kwenye kitana, na nikawa na hamu ya kutafuna barafu, natafuna mpaka wenzangu ofisini wanahama meza. Kupima wingi wa damu: 8. Mwanamke mzima ambaye si mjamzito anatakiwa afike 12.

Nikabishana na daktari, nikamwambia madini ya chuma mimi nakula kuliko yeye. Akaniuliza, unashushia na nini? Chai. Ya rangi, nzito, kila mlo, ndiyo jina langu humu. Kumbe chai ikikutana na chuma cha mimea tumboni inakizuia kisiingie kwenye damu. Nilipewa vidonge, wakaangalia pia kama kuna damu ninayopoteza, na chai nikaambiwa isogezwe saa moja au mbili mbali na chakula. Mchicha uende na chungwa au ndimu, maana vitamini C inakisukuma hicho chuma kiingie. Miezi mitatu nikarudi 11.6. Barafu sina habari nayo.

Chai sijaacha. Msiniulize.

Bwana Utosi

Kutafuna barafu!! Dada yangu anafanya hivyo mwaka wa pili sasa, sisi tunamcheka. Namtumia huu uzi sasa hivi.

Majani Matupu

Mimi miaka sita sikugusa nyama, samaki, yai wala maziwa, na sikujuta. Mwaka wa sita miguu ikaanza ganzi. Nikitembea naona kama nakanyaga sponji. Nikasema viatu. Nikabadilisha viatu mara tatu.

Ilikuwa vitamini B12. Kwenye mimea haipo, na ini linaweza kukaa na akiba ya miaka, kwa hiyo unajiona mshindi kumbe unakula akiba. Nilichomwa sindano mfululizo. Ganzi imepungua, kidole gumba cha kushoto hakijarudi mpaka leo. Bado sili nyama, ila B12 sikosi.

Bwana Utosi

Mbona ng'ombe anakula majani maisha yake yote na hana ganzi?

Majani Matupu

Ng'ombe anatengenezewa na bakteria tumboni mwake. Wewe tumbo lako lina vyumba vinne?

Bwana Utosi

Nikishiba naona kama vipo.

Mwana wa Pili

Ya kwangu ni fupi na inaniuma. Mama ana figo dhaifu na presha. Nikamletea zawadi, ile chumvi mbadala inayosifiwa kwamba ina sodiamu kidogo. Sikusoma kwa nyuma. Kinachowekwa badala yake ni potasiamu, na figo zake haziwezi kuitoa. Moyo ukaanza kwenda ovyo. Alipona. Lakini nilimtilia mwenyewe kwa mkono wangu, kwa upendo.

Mama Kitindamimba

@Mwana wa Pili nakuelewa. Mimi ndiye niliyekuwa nasaga.

Mwana wa Pili

Asante mama.

Sina Haraka

Hivi chumvi ya kawaida kiasi gani ni sawa kwa siku? Maana kila mtu anasema lake.

Nesi wa Zamu

Chini ya gramu 5 kwa mtu mzima, kama kijiko cha chai cha kusawazisha. Na hapo umeshahesabu ya kwenye mkate, soseji na vile vidonge vya kukoleza mchuzi. Watu wanapima ya kwenye sufuria wanasahau hizo.

Babu Shibe

Babu yangu alikula mafuta na chumvi ya mawe mpaka miaka 91. Kuleni, mtakufa tu.

Chai ya Tatu

Babu yako alikuwa anatembea kwa mguu kila aendako. Wewe umetoka kitandani saa ngapi leo?

Babu Shibe

Hayo ni mambo binafsi.

Dada Mpole

Mimi nashauri mle kidogo kidogo mara sita kwa siku.

Ngoja Waje

Mimi nashauri mara moja tu, tumbo lipumzike.

Asali Mbichi

Mimi nashauri msisikilize wote wawili. Nusu sahani mboga na matunda, robo wanga, robo maharage au samaki au nyama, maisha yaendelee. Na asali.

Nesi wa Zamu

Ulikuwa umeshapatia mpaka hapo mwishoni, dada.

Mzee wa Mizani

Nimerudi. Yule kijana wa chupa ya kijani leo mchana nimemkuta nyuma ya jengo anakula mkate mkavu, kajificha kama mwizi. Nikajifanya sijamwona. Nilitaka kumuuliza kama anatumia dawa yoyote, hili la mama limenikaa kichwani. Kesho nitamuuliza.

kijiko_kimoja

Muulize kweli, Mzee. Na @Mama Kitindamimba, samahani, watu wengi wananitumia ujumbe wa pembeni.

Mama Kitindamimba

Najua unataka nini wewe.

Basi nimemuuliza leo wakati wa kula, miaka minne sijawahi kugusia. Amekaa kimya, akaweka kijiko chini, akacheka. Anasema Zawadi ni mwalimu wake wa darasa la pili, darasa lilikuwa halina kitasa, mvua ikija walikuwa wanaziba mlango na dawati.

kijiko_kimoja

Na wewe umeamini?

Mama Kitindamimba

Alikuwa na 1.9, kijiko. Nimeamua kuamini.