Je, filamu ilikuwa na haki ya kumwondoa Stella?

Wadau, kila ikitajwa A Streetcar Named Desire, wengi wanaitetea filamu ya Elia Kazan ya 1951 kwa hoja moja: mwisho wake ni bora kuliko wa tamthilia iliyoizaa, kwa sababu Stella anambeba mwanawe na kumkimbia Stanley, mume aliyembaka Blanche, dada yake Stella. Mimi nakataa.

Kwenye tamthilia ya Tennessee Williams ya 1947, Stella haendi popote. Anamwambia jirani yake Eunice kwamba hawezi kuyaamini maneno ya Blanche halafu aendelee kuishi na Stanley. Eunice anamjibu asiyaamini kamwe, maisha lazima yaendelee. Daktari anamchukua Blanche kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Stella analia, Stanley anapiga magoti kumbembeleza, vidole vyake vinatafuta upenyo wa blauzi, na wanaume ndani wanaendelea na karata. Basi, pazia. Umemwona mtu mwema akichagua kutoamini, na hakuna wa kukutua mzigo huo. Filamu inakutua.

Najua mtasema Kazan alibanwa. Ni kweli: Hollywood ilikuwa na kanuni zake, na ofisi ya Joseph Breen, iliyozisimamia, ilitaka mbakaji aadhibiwe. (Hata siri ya mume wa Blanche, kwamba alipenda wanaume, ilifichwa.) Kisha jumuiya ya Kikatoliki ya Legion of Decency ikatishia kuilaani filamu, na studio ikakata kama dakika 4. Kinachoniuma ni kipande cha ngazi. Stella ana mimba, amepigwa, na bado anateremka kumfuata Stanley anayelia chini. Picha ya karibu ya uso wake iliondolewa, kwa sababu ilionyesha hamu. Bila uso ule, unadhani amesamehe tu. Ulirudishwa 1993; tazameni toleo hilo.

Wengine wanasema mwisho wa filamu unawafunza wanawake kuondoka. Lakini yule anayerudi, ambaye sote tunamjua mtaani kwetu, Williams alimpa nafasi jukwaani bila kumtukana. Filamu ikamfuta.

Hoja moja tu inanitikisa: Stella aliwahi kukimbilia juu kwa Eunice akarudi usiku uleule, na mwishoni mwa filamu anakimbilia hukohuko. Huenda atashuka tena. Mnaoamini hivyo, nionyesheni ni wapi katika dakika ile ya mwisho mtazamaji anaachiwa shaka hiyo.