Injini ya Peugeot 404: silinda zichongwe au zibadilishwe?

MchagaWaSpana (Moshi):
Ndugu wanajukwaa, mimi na rafiki yangu tunakarabati nyumbani Peugeot 404 ya mwaka 1968 aliyoachiwa na babu yake, ile ya kabureta yenye injini ya ujazo wa cc 1618. Asubuhi inapowashwa hutoa moshi wa bluu, maji hupungua kwenye rejeta, na oili tuliyomwaga ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Fundi mmoja ametushauri tuipeleke bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, Arusha ikachongwe silinda na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Rafiki yangu ameafiki, lakini mimi ninasita. Injini bado imo ndani ya gari na hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, haijafunguliwa. Tuanzie wapi?

MzeeWaNjiro (Arusha):
Kijana, una haki ya kusita. Injini hiyo haichongwi kama ya Land Rover, kwa kuwa silinda zake ni slivu, yaani mirija ya chuma inayochomolewa, ambazo maji ya kupoza huzizunguka na kuzigusa moja kwa moja. Zikilika, hutolewa na kuwekwa nyingine pamoja na pistoni zake. Chini ya kila slivu kuna sili inayozuia maji yasiingie kwenye oili, na sili hiyo ikichoka ndipo mnapoona rangi hiyo, ingawa gasketi ya hedi iliyoungua huleta dalili ileile. Kwa hiyo msikisie. Ondoeni sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, jazeni maji, tieni presha ndogo kwa pampu ya kupimia rejeta, kisha mmoja wenu alale chini na tochi aangalie matone yanatoka wapi.

Mkishafungua hedi, msizungushe krankishafti (mhimili unaosukuma pistoni) kabla ya kuzibana slivu kwa boliti na washa pana, kwa sababu pistoni zitazinyanyua na kuharibu hata sili zilizokuwa nzima. Wakati wa kurudisha, kila slivu lazima ijitokeze kidogo sana juu ya uso wa bloku ili hedi iikandamize. Fuateni kipimo cha kitabu cha gari na mtumie filageji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, si kidole, kama nilivyoona wakifanya mafundi wenye majina makubwa.

Gereji_ya_Uani (Moshi):
Ninakubaliana na Mzee, ila kabla ya sampu pimeni kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Silinda yenye kipimo cha chini itieni oili kidogo mpime tena: ikipanda, ringi zimechoka; isipopanda, tazameni valvu au gasketi. Moshi unaotoka asubuhi tu na kukoma mara nyingi ni oili iliyopenya usiku kwenye gaidi za valvu, yaani vijibomba ambamo valvu huteleza. Mkifika kwenye konrodi, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na krankishafti, ziwekeni alama, mkikumbuka kwamba Peugeot huhesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa flaiwili, lile gurudumu zito lililo upande wa giaboksi.

MchagaWaSpana (Moshi):
Shikamoo Mzee. Tumepima. Kompresheni inakaribiana katika silinda zote nne, na maji yanadondoka kwenye miguu ya slivu mbili. Rafiki yangu bado anataka pistoni mpya.

MzeeWaNjiro (Arusha):
Marahaba. Mwambie atunze fedha yake hadi slivu zitoke na zipimwe. Nunueni sili zote nne, gasketi na ringi. Kila slivu ibaki na pistoni yake na irudi upande uleule. Arusha leteni hedi peke yake, ipimwe kama imepinda na gaidi zikaguliwe. Ni ya aluminiamu, kwa hiyo msiifungue injini ikiwa ya moto.