Naomba ushauri: nawezaje kulinganisha wiski nne za Kimarekani nyumbani kwa haki?

Mkazi wa Louisville (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Louisville, Kentucky, na kwa kuwa mji huu umezungukwa na viwanda vya bourbon, yaani wiski ya Kimarekani ya mahindi, niliona ni vyema nijifunze kinywaji hiki kwa utulivu badala ya kukutana nacho harusini tu. Nimenunua chupa nne: Jack Daniel's, Maker's Mark, Wild Turkey 101, na Rittenhouse ambayo hutengenezwa kwa nafaka ya rai. Mimi na shemeji yangu tumekaa mezani mara mbili kuzilinganisha, na mara zote mbili tumeishia kubishana. Jumamosi ya kwanza, tulipomalizia na Wild Turkey, niliandika daftarini kwamba "inachoma koo, haina utamu". Jumamosi iliyofuata tulianza nayo, nami nikaandika "asali na mdalasini". Chupa ni ile ile na ulimi ni ule ule. Naomba anayejua anieleze kosa liko wapi, kwa sababu ninachotaka kukijua ni tofauti iliyomo ndani ya wiski zenyewe, si ile inayoletwa na mpangilio wa glasi.

Fundi wa Kimea

Marahaba, ndugu. Kosa lako la kwanza ni kulinganisha vinywaji vyenye nguvu tofauti. Jack Daniel's ina asilimia 40 ya kileo, Maker's Mark 45, Rittenhouse 50 na Wild Turkey 50.5; hiyo 101 iliyoandikwa kwenye lebo ni kipimo cha Kimarekani ambacho huwa mara mbili ya asilimia. Mtu anayetoka kwenye 40 na kuingia ghafla kwenye 50.5 husikia moto kabla hajasikia ladha, kisha huilaumu wiski. Tafuta lile bomba dogo la plastiki la kuwanyweshea watoto dawa, upime mililita 15 za kila wiski. Jack Daniel's iache ilivyo, Maker's Mark iongezee mililita 2 za maji yasiyo na harufu ya klorini, na zile mbili kali uziongezee karibu mililita 4 kila moja. Hapo zote nne zitakuwa karibu na asilimia 40. Zifunike kwa visahani kwa dakika kumi, kisha nusa kwa mbali kidogo huku mdomo ukiwa wazi, maana ukizamisha pua ndani ya glasi utavuta mvuke wa kileo peke yake.

Kosa la pili ni kuziona chupa. Mwombe mtu mzima asiyeonja amimine katika chumba kingine na kubandika namba chini ya glasi. Mwambie pia aweke glasi ya tano, yenye wiski mojawapo kati ya zile nne, bila kuwaambia ni ipi. Ikiwa wiski hiyo moja itapata maelezo mawili yanayopingana, mtajua kwamba daftari lenu bado si la kutegemewa, na hakuna haja ya kubishana juu yake. Jioni nyingine, geuzeni mpangilio.

Likishakaa sawa hilo, tafuteni nafaka. Kwa sheria ya Marekani, bourbon lazima itokane na mahindi yasiyopungua asilimia 51, ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, na isiongezwe rangi wala ladha. Kwa hiyo wekundu ule na vanila ile ni vya mbao. Maker's Mark na Wild Turkey zote ni bourbon, zote zina kimea cha shayiri, lakini nafaka inayosindikiza mahindi katika Maker's Mark ni ngano, na katika Wild Turkey ni rai. Ngano huiacha wiski ikiwa laini kama mkate mtamu, na rai huitia ukali wa viungo. Katika Rittenhouse rai yenyewe ndiyo nafaka kuu. Jack Daniel's, kule Lynchburg, Tennessee, huchujwa polepole kwenye mkaa wa mti wa mepo (kwa Kiingereza sugar maple) kabla ya kutiwa kwenye pipa, na wengi, mimi nikiwemo, husikia ndizi mbivu ndani yake.

Binti wa Pemba

Ninaongezea jambo moja la pua. Kinachoipa karafuu harufu yake ni yujenoli, na yujenoli hiyo hiyo imo kwenye mbao za mwaloni, kwa hiyo mtu wa pwani akisikia karafuu kwenye glasi asidhani anajidanganya. Weka mezani visahani vyenye karafuu mbili, kijiti cha mdalasini, vanila, kipande cha ndizi mbivu na punje za mahindi ya kuchoma. Kila unaposhindwa kuitaja harufu, nusa kisahani, kisha rudi kwenye glasi. Siku hiyo msifukize udi wala ubani ndani ya nyumba, na pilau mle baada ya kuonja.

Mzee wa Bukavu

Sikubaliani kikamilifu na habari ya maji. Rittenhouse ina maandishi ya "Bottled in Bond" kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1897, inayotaka wiski itoke kiwanda kimoja na msimu mmoja, ikae ghalani miaka 4 au zaidi, na itiwe chupani ikiwa na asilimia 50 kamili. Nguvu hiyo ni sehemu ya kinywaji, basi ionjeni kwanza ilivyo, ndipo mwongeze maji. Kwetu lotoko, pombe kali ya kienyeji ya mahindi na mihogo, hunywewa bila kupita kwenye pipa, ndiyo maana mara ya kwanza bourbon ilinishangaza kwa mbao zake. Wanangu, msizioshe glasi usiku huo. Zinuseni asubuhi.

Msomaji wa Arusha

Glasi hizo tano zikinywewa zote ni karibu vipimo viwili vya kawaida vya Marekani. Shemeji asiendeshe gari.

Mkazi wa Louisville (mleta uzi)

Ninawashukuru nyote; tumefanya juzi, na shemeji alilala hapa. Mke wangu ndiye aliyemimina. Rittenhouse tuliitambua sote wawili kwa karafuu yake, hata baada ya kuongezwa maji. Glasi yangu ya kwanza na ya nne zilikuwa Maker's Mark zote, nami niliziandikia karibu maneno yale yale, lakini shemeji aliiita ya nne Jack Daniel's. Wild Turkey, ile niliyoilaumu, ndiyo niliyoipa namba moja. Jumamosi ijayo tunarudia kwa mpangilio uliogeuzwa, na Rittenhouse tutaionja kwanza bila maji kama mzee alivyoelekeza. Asubuhi nilizinusa zile glasi: moto wote ulikuwa umeondoka, na ndani ya ile ya Wild Turkey ilibaki harufu kavu ya mbao na sukari guru.