Nimepiga magofu ya shamba la mkonge, picha nzuri lakini hazisemi kitu. Naomba ushauri

Mjukuu wa Manamba:
Wakuu habari za jioni. Mimi si mpiga picha wa kulipwa. Nina Canon ya mtumba na lenzi yake ya 18-55, basi.

Huku kwetu Muheza kuna shamba la mkonge lililokufa zamani (jina naliacha, mlinzi aliniruhusu kwa hisani tu). Yamebaki majengo ya aina tatu: nyumba ya meneja juu kilimani, jengo la korona, palipokwanguliwa majani ya mkonge kutoa nyuzi, ambalo mashine yake imeshang'olewa ikauzwa chuma chakavu, na kambi za wafanyakazi, vyumba vimepangwa laini laini kuteremkia mtoni. Babu mzaa baba aliletwa hapo na SILABU, ofisi iliyoajiri manamba (vibarua wa mkataba) wa mashamba ya mkonge, miaka ya hamsini, kutoka Ubena. Alimaliza mkataba, akachukua mwingine, Njombe hakurudi tena.

Nimeshapiga picha kama 200. Mlango uliooza, ufa ukutani, mti uliotoboa paa. Juzi nikamwonyesha dada yangu zile kumi ninazozipenda. Akazipitisha kwa kidole, akasema, "Nzuri. Hapa ni Bagamoyo?"

Nimeishiwa nguvu. Nifanyeje gofu langu lisifanane na kila gofu? Nawasilisha.

Kiduku Lenzi:
Bila kuziona nakisia: umesimama wima, kamera usawa wa macho, jengo katikati, fremu imejaa ukuta. Ufa ni ufa popote duniani mkuu. Rudi nyuma hatua thelathini uingize kinachozunguka jengo. Mkonge uliojiotea mlangoni, ule ulioshatoa mlingoti na sasa unakufa, huo peke yake unamtoa dada yako Bagamoyo.

Pia ukiinua kamera kutazama juu, kuta zinalala nyuma kama zinaanguka. Kamera iwe sawa, washa gridi (mistari ya kwenye skrini), kama paa halienei rudi nyuma tena.

Baharia wa Chumbageni:
Weka mrembo mwenye gauni jeupe dirishani, utanishukuru 😂

Mjukuu wa Manamba:
Hapana kaka.

Mama Wawili:
Mwanangu, picha baadaye. Nyumba zile zina nyuki darini na swila kwenye vifusi, vaa buti na usiende peke yako. Sakafu ya mbao usiikanyage kabla hujaijaribu kwa fimbo. Na kama paa ni la asbesto usivunjevunje vipande upate "mwanga mzuri", vumbi lake linaua mapafu.

Nuru Hafifu:
Zibadilishe ziwe nyeusi na nyeupe, zitapata uzito.

Kiduku Lenzi:
Napinga. Udongo wa Muheza ni mwekundu, umepanda kwenye chokaa mpaka usawa wa magoti, na mkonge una kijani chake cha majivu. Ukiondoa rangi umemrudisha dada Bagamoyo.

Karani Mstaafu:
Nimesoma nikacheka kidogo. Nilikuwa karani wa korona kwenye shamba jingine, si mbali na hapo, mpaka lilipofungwa. Wewe kijana unapiga majengo kama vile yalijengwa yatazamwe. Yalijengwa yafanye kazi.

Chukua hilo la korona. Jani la mkonge likikwanguliwa, nyuzi unazopata ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na makapi mabichi, na kuyasukuma kunataka maji mengi zaidi. Ndiyo maana korona iko karibu na mto. Tafuta mfereji unaotoka chini ya jengo, sasa hivi utakuwa umejaa majani. Simama ndani yake, piga kuelekea juu kwenye jengo. Picha ya korona isiyo na mfereji ni picha ya banda.

Ya meneja ndiyo hasa. Nenda barazani, kaa chini, kamera iwe kimo cha mtu aliyekaa kwenye kiti. Kama shamba lilipangwa kama letu, utaona kambi nzima imelala mbele yako, na njia ya kwenda korona. Asubuhi bwana akinywa chai alijua nani amechelewa. Kisha teremka kambini, ingia chumba chochote, piga kutokea mlangoni. Nyumba ile ile utaiona juu. Hizo picha mbili ziweke pamoja. Wewe umepiga nyumba, hujapiga ilichokuwa inatazama.

Mjukuu wa Manamba:
Shikamoo mzee. Hili sikuwahi kuliwaza, na babu alikuwa akisema "kule juu" bila kutaja nani. Jumamosi narudi.

Karani Mstaafu:
Marahaba. Nenda asubuhi, saa moja moja. Mchana jua liko utosini, kuta zote zinakuwa bapa.

Nuru Hafifu:
Na maelezo chini ya picha usiyadharau. Miche 62 tu ya mkonge iliyofika hai mwaka 1893, iliyoagizwa na Hindorf, Mjerumani aliyeuleta mkonge huku, miaka ya sitini nchi inatoa tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka, kisha kamba za nailoni zikaua soko. Hayo fremu haiwezi kuyabeba.

Kiduku Lenzi:
Kweli, ila mistari miwili inatosha. Ukipiga kutoka ndani ya chumba, pima mwanga kwa nje. Ukipima ndani, kilima chote kitaungua. Acha kuta ziwe nyeusi, utazifufua kidogo kwenye kuediti.

Mjukuu wa Manamba:
Wakuu, mrejesho. Barazani pamenishinda: miarobaini imeota mbele, kambi haionekani. Nimepata upenyo mmoja kwenye ngazi ya kushoto, laini mbili tu zinachungulia kati ya majani. Nimeiacha hivyo hivyo.

Kambini nilianza na 18, upana wote wa lenzi, nyumba ya meneja ikawa nukta. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, nikavuta mpaka 55, kilima kikasogea na ile nyumba ikakaa katikati ya mlango, kubwa kama kiberiti. Nikabana tundu la lenzi mpaka f/11 ili mlango na kilima vyote vitoke, kamera nimeilaza juu ya debe lililopinduliwa maana mikono ilitetemeka. Pembeni ya mlango kuna masizi ya jiko, na juu yake msumari wenye kipande cha kamba ya katani, fundo bado limekaza. Nimeviingiza upande wa kushoto.

Nimemtumia dada. Hajauliza ni wapi. Ameuliza ile nyumba ya juu ni ya nani.

Karani Mstaafu:
Msumari huo ulikuwa wa kutundika koroboi. Chumba hicho ni laini ya ngapi?

Mjukuu wa Manamba:
Ya tatu kutoka mtoni mzee. Babu alikaa ya nne, imeanguka yote, pamelimwa mihogo.

Karani Mstaafu:
Basi kapige mihogo hiyo, kutokea mlango huo huo. Usiisogeze kamera.