Chenso ya kuni: MS 170, MS 250, Husqvarna au ya Kichina?

mlingotini: Wakuu habari za jioni. Nina eka 2 za milingoti (mikaratusi) huku Mufindi, nataka ninunue chenso (msumeno wa injini) nikate kuni mwenyewe maana vijana wa chenso za kukodi wanakula faida yote na wanakuja siku wanayotaka wao. Miti mingi unene wa paja, michache mkubwa zaidi. Nipo njia panda kati ya STIHL MS 170, MS 250 na ile ya Kichina 58cc bei chee. Ipi haitanitesa?

fundi tustroki: 170 injini yake ni 30cc, hiyo ya matawi na miti ya uani tu. Chukua 250, 45cc, kuni inakata mpaka uchoke wewe. Usije ukashawishiwa MS 381 ya STIHL, ile 72cc ni ya kupasua mbao, kutwa nzima mikono inakufa ganzi.

kijana wa chimala: Mi ninayo ya Kichina, nisiseme uongo, mwezi wa kwanza raha tupu, wa pili kamba ya stata, wa tatu klachi, sasa hivi kuku wanalalia. Ila spea bei rahisi, kama unakata mara moja moja sio mbaya

Kiprono254: Huku Eldoret tunaita pawa soo. Yangu ni Husqvarna 365, mwaka wa sita sasa na bado iko sawa. Lakini bro kama spea ni safari ya siku nzima achana nayo, nunua ile fundi wa hapo karibu anaijua.

fundi tustroki: Umenena. Na chenso nyingi zinazoletwa kwangu hazijafa kwa ubovu, zimeuawa. Mtu anajaza petroli tupu bila oili, pistoni inakwama, analaumu mashine. Kwa 250 lita 5 za petroli weka mililita 100 za oili ya tustroki ya STIHL, Kichina weka 200. Tupa ya cheni ya 250 ni milimita 4.8, noa kila ukijaza tenki, ukiona inatema unga badala ya vipande ujue cheni butu hiyo. Mlingoti ukikauka unakuwa chuma, kata ungali mbichi ndio uanike

mlingotini: Oili chafu ya gari kwenye cheni je? Wengi naona wanaweka

fundi tustroki: Ina unga wa chuma, pampu itakufa. Na ulizia kibali TFS, wale wakala wa misitu, kabla hujawasha.

mlingotini: Poa, 250 basi. Sasa majirani wakija kuazima?

kijana wa chimala: Waambie ina kuku 😂